Wimbo kutoka kitabuni: namna ya kuutunga bila kukisimulia kitabu

Nyimbo nyingi zinazotokana na vitabu huharibikia mahali pamoja: mtunzi amekipenda kitabu mno, akataka kukiingiza chote. Kinachotoka ni muhtasari unaopigiwa ala. Aliyekisoma hapati jipya, na asiyekisoma hajui nani ni nani. Maelekezo haya ni ya mtu anayetaka kutunga wimbo wa kawaida, wa dakika 3 na nusu hivi, kutokana na riwaya, tamthilia au shairi, na anayetaka wimbo huo usimame wenyewe hata kwa msikilizaji ambaye hajawahi kukishika kitabu.

Anza na hesabu

Kabla ya kufungua kitabu, jua una nafasi kiasi gani. Chukua mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, kila baa, yaani fungu moja la mapigo, ikiwa na mapigo 4. Baa moja inakula sekunde 2.67. Mpangilio uliozoeleka ni utangulizi wa baa 4, ubeti wa baa 16, kiitikio cha baa 8, ubeti wa pili wa baa 16, kiitikio tena baa 8, daraja (kipande tofauti kinachokuja mara moja tu) la baa 8, kisha kiitikio mara mbili cha kufungia, yaani baa 16. Jumla ni baa 76, sawa na dakika 3 na sekunde 23.

Maneno mapya yanaingia kwenye beti mbili, kiitikio kimoja na daraja tu, yaani baa 48. Ukijaza silabi 8 kwa kila baa unapata silabi 384. Neno la Kiswahili kwa wastani lina silabi kama 3, kwa hiyo una maneno yasiyozidi 130, na hiyo ni dari. Ukitoa pumzi, noti za kuvuta na sehemu ambazo gitaa au kinanda kinajibu, mkononi yanabaki maneno 70 hadi 100. Hata riwaya fupi ina maneno 40,000.

Wapo waliosimulia kitabu kizima na wakafaulu, lakini tazama walilipa gharama gani. Woody Guthrie alipoigeuza riwaya ya John Steinbeck kuwa wimbo "Tom Joad" mwaka 1940, alifikisha beti 17 na rekodi ikabidi igawanywe sehemu mbili. Iron Maiden walipochukua shairi refu la baharia la Samuel Taylor Coleridge mwaka 1984, wimbo ulikwenda zaidi ya dakika 13. Kama huna subira hiyo wala msikilizaji wa namna hiyo, usijaribu kusimulia. Chagua.

Mdomo, sikio na saa

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni huu: nani anaimba, anamwimbia nani, na ni saa ngapi katika kisa. Mambo hayo matatu yakikaa sawa, nusu ya kazi imekwisha. Moja likilegea, hakuna melodi itakayouokoa wimbo.

Mfano unaofundisha sana ni "Wuthering Heights" wa Kate Bush, uliotoka mwaka 1978. Riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847 ina vizazi viwili, ndoa, urithi na visasi vya miaka mingi. Wimbo umechukua dirisha moja. Anayeimba ni Catherine aliyekwisha kufa, yuko nje kwenye baridi, anamwomba Heathcliff amfungulie. Sasa angalia alichokifanya mtunzi: kitabuni, katika sura ya 3, mzuka huo wa dirishani unamtokea mgeni anayeitwa Lockwood, usingizini, na tunausikia kwa mdomo wa Lockwood. Kate Bush amemwondoa mgeni, mdomo akampa mzuka mwenyewe, na sikio akampa mtu anayependwa. Kisa hakikuharibika kwa mabadiliko hayo. Kilichotoka ni ombi, na ombi linaimbika kuliko taarifa.

Njia nyingine ni kumchukua mhusika na kumtoa nje ya kitabu chake. "Sympathy for the Devil" wa Rolling Stones, wa mwaka 1968, umeazima kutoka riwaya ya Mikhail Bulgakov taswira ya shetani mstaarabu, mwenye adabu na mali, anayejitambulisha kwa upole. Kisa cha riwaya hakimo. Shetani huyo anapitishwa kwenye matukio ya historia ya dunia na kuhesabu aliyoyashuhudia. Bruce Springsteen alifanya jambo la jamaa hiyo mwaka 1995 katika "The Ghost of Tom Joad": alichukua maneno ambayo Tom, mhusika mkuu, anamuaga nayo mama yake karibu na mwisho wa riwaya ya Steinbeck ya mwaka 1939, akayaweka kati ya watu wasio na makazi katika Marekani ya wakati wake mwenyewe.

Ya tatu ni kuchukua sura moja tu. "For Whom the Bell Tolls" wa Metallica, wa mwaka 1984, hauhusu riwaya nzima ya Ernest Hemingway. Unahusu wapiganaji watano waliozingirwa juu ya kilima, tukio la sura moja. Mapenzi, daraja linalotakiwa kulipuliwa, mabishano ya kisiasa, vyote vimeachwa.

Na ipo ya nne, ambayo watunzi wengi huisahau: kuongeza mdomo ambao kitabuni haumo. Shairi la Edwin Arlington Robinson "Richard Cory", lililochapishwa mwaka 1897, lina mistari 16. Wanaosema ni "sisi", watu wa mjini wanaomtazama tajiri akipita, na mwisho tajiri huyo anajipiga risasi. Paul Simon alipoligeuza kuwa wimbo mwaka 1966, mdomo akampa mfanyakazi wa kiwanda cha tajiri huyo, akamtungia na kiitikio: mfanyakazi anatamani angekuwa Richard Cory. Kiitikio kinarudi baada ya kila ubeti. Ubeti wa mwisho unapoleta habari ya risasi, kiitikio kinarudi vilevile, bila neno kubadilika. Mfanyakazi ameshajua tajiri amejiua na bado anatamani kuwa yeye. Hilo shairi halikulisema. Limesemwa na umbo la wimbo, kwa sababu kiitikio lazima kirudi. Ukitaka kujifunza kazi hii kwa usiku mmoja, weka shairi hilo na wimbo huo mezani, uvisome mstari kwa mstari.

Kusoma kwa ajili ya kutunga

Soma kitabu mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili soma na penseli, ukiweka alama za aina tatu tu: vitu vinavyoshikika au kuonekana (dirisha, uzi, kengele, kilima), maneno ambayo mtu anamwambia mtu, na mahali ambapo mtu anataka kitu akakikosa. Usiweke alama kwenye mawazo mazito ya mwandishi, hata kama ni mazuri. Wazo zito likiingia kwenye wimbo hugeuka hotuba.

Kisha jibu kwa sentensi moja: nani anamwambia nani, lini, na anataka nini? Sentensi ikizidi maneno 20, bado hujachagua.

Sasa funga kitabu na ukiweke mbali kwa siku mbili tatu. Rasimu ya kwanza iandike kwa kumbukumbu. Kuna sababu mbili. Kilichobaki kichwani baada ya siku hizo ndicho kilichokugusa, na ndicho kitakachomgusa msikilizaji. Pili, ukiandika kitabu kikiwa wazi mbele yako, sentensi za mwandishi zitakuingia kalamuni bila wewe kujua, na huko mbele suala la haki litakufuata. Rasimu ikishakaa, rudi kitabuni kuhakikisha mambo ya hakika: nani alikufa kwanza, mlango ulikuwa upande gani, ilikuwa usiku au alfajiri.

Mfano wa kazi yenyewe

Tuchukue utenzi wa kale wa Homer, Odyssey. Odysseus ameondoka nyumbani miaka 20. Wanaume wanaotaka kumwoa mkewe, Penelope, wamejazana sebuleni, wanakula mali ya mume. Penelope anawaambia atachagua mmoja akimaliza kufuma sanda ya baba mkwe wake. Mchana anafuma, usiku anafumua. Hila hiyo inadumu miaka 3, hadi mmoja wa wajakazi wake anamsaliti.

Mdomo: Penelope. Sikio: mume asiyekuwepo. Saa: usiku, uzi ukiwa mkononi, kabla hajasalitiwa. Rasimu anayoanza nayo mtu asiyezoea huwa hivi:

Odysseus mume wangu
Alikwenda vita mbali;
Miaka imeshapita
Na bado hajarejea.

Mizani imekaa, kila mstari una silabi 8. Lakini ubeti umekufa. Kwanza, mke anamweleza nani habari hizi? Hakuna sikio, mume anatajwa kama mtu wa tatu. Pili, tunapewa taarifa, hatupewi kitu cha kuona. Tatu, jina limetua mstari wa kwanza, na asiyejua hadithi tayari ameachwa nje. Sasa linganisha:

Wapo chini wanakula
Ng'ombe wako, mbuzi wako;
Nasikia wakicheka,
Nami nahesabu nyuzi.

Hakuna jina hata moja. "Wako" limemleta mume bila kumtaja. "Chini" limetuambia mke yuko chumba cha juu, peke yake. Asiyejua Odyssey anaelewa: watu wanakula mali ya mwenye nyumba asiyekuwepo na mkewe anawasikia. Anayeijua atatabasamu kwenye neno "nyuzi". Hivyo ndivyo wimbo unavyowahudumia wasikilizaji wa aina zote mbili kwa mstari uleule.

Kiitikio kinatakiwa kibebe jambo linalojirudia ndani ya kisa, kwa sababu chenyewe kitarudi mara nne. Hapa kisa kimetupa zawadi, kwani kufuma na kufumua ni kazi ya kila siku:

Mchana nafuma nguo,
Usiku ninafumua;
Uzi ni ule mmoja,
Siku moja watajua.

Mstari wa mwisho umewekwa kwa makusudi. Mara ya kwanza ni hofu. Daraja likishaleta hatua za mjakazi kwenye ngazi, maneno hayohayo yanageuka kuwa habari iliyokwisha kufika. Usiandike kiitikio ambacho kitamaanisha kitu kilekile mara zote nne. Beti zikifanyie kazi ili kila kinaporudi kiwe kizito zaidi.

Zingatia pia nyakati za vitenzi. Ubeti uliojaa "-li-" (alikwenda, alisema, alikufa) unageuka simulizi papo hapo. "-na-" na "-ki-" humweka msikilizaji ndani ya chumba. Weka "-li-" mahali pamoja au pawili, pale ambapo kumbukumbu inahitajika kweli.

Jambo jingine la Kiswahili chetu: "yeye" na "a-" havibagui mume na mke. Kitabuni msomaji ana kurasa za kumjulisha nani anazungumziwa. Katika wimbo wenye wahusika watatu wanaoitwa "yeye", msikilizaji amepotea kufikia mstari wa nne. Dawa ni kupunguza wahusika hadi wawili, mmoja awe "mimi" na mwingine "wewe". Wa tatu akilazimika kuwepo, mpe cheo au kazi: mjakazi, mzee, askari.

Mizani, mkazo na pumzi

Ukitunga kwa Kiswahili, hesabu silabi kwa vidole, usizikadirie kwa macho. Herufi "m" inayosimama peke yake mwanzoni mwa neno ni silabi kamili na inataka noti yake: "mchana" ni m-cha-na, silabi 3, na "mmoja" ni m-mo-ja. Mwimbaji anayeimeza "m" anabaki na silabi 7 mahali pa 8, kisha anaivuta ile ya mwisho kufidia, na mstari unasikika umechechemea.

Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na huhama neno likiongezwa kiambishi nyuma. "Mlango" mkazo uko kwenye "la". "Mlangoni" umehamia kwenye "ngo". Mtunzi anayebadilisha "mlango" kuwa "mlangoni" dakika za mwisho studioni, bila kugusa melodi, ameuangusha mkazo nje ya pigo. Msikilizaji hatajua kasoro ni nini, ila atahisi neno linatamkwa kigeni.

Katika kiitikio cha juu, kila mstari una mkazo kwenye silabi ya 7: "ngu" ya "nguo", "mu" ya "ninafumua", "mo" ya "mmoja", "ju" ya "watajua". Ukigawa baa kwa noti 8 za nusu pigo na kuanza mstari kwenye pigo la kwanza, silabi hiyo ya 7 inaangukia pigo la 4, pahala padhaifu. Anza kuimba kwenye pigo la 2. Silabi ya 7 sasa inatua kwenye pigo la kwanza la baa inayofuata, yenye nguvu kuliko zote, na sehemu iliyobaki ya baa hiyo ni ya kuvuta pumzi na ya ala kujibu. Kila mstari unakula baa 2, mistari 4 inajaza baa 8 za kiitikio barabara.

Neno moja refu linaweza kula mstari mzima. "Nilipokuangalia" lina silabi 8 na mkazo mmoja tu mkubwa. Mstari wa namna hiyo ukiuweka mahali pa haraka, ulimi unajikwaa. Uweke pale ambapo melodi inateremka polepole, au uvunje: "nilipo" kando, kitenzi kifupi kando.

Kwa noti ya juu na ndefu, irabu "a" na "o" zinafunguka vizuri. "I" na "u" zinabana koo. Ndiyo maana "watajua" linafaa kufungia: "ju" inagonga pigo, kisha "a" inavutwa kadiri mwimbaji anavyoweza.

Majina ya kigeni ni mtego wake mwenyewe. Jina Penelope mdomo wa Kiswahili utalivuta mkazo liwe peneLOpe, wakati wengine watalitamka peNElope. Kama jina si la lazima, liache. Likibidi, liweke mara moja tu, na uamue matamshi kabla ya siku ya kurekodi ili sauti za nyuma zisitofautiane na ya mbele.

Chanzo kikiwa shairi

Hapa kazi ni tofauti, kwa sababu maneno yapo tayari. Swali la kwanza ni kama yana kiitikio. Shairi lenye kibwagizo kinachorudi mwisho wa kila ubeti limekwisha kukupa. Utenzi hauna, inabidi ukitafute ndani: tafuta ubeti mmoja ambao ukitolewa peke yake bado unaeleweka, uufanye kiitikio.

Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni shule nzuri. Mdomo na sikio vimo tangu mwanzo: mama anamwambia binti yake. Lakini una beti zaidi ya 100. Kwa mwendo tuliotumia hapa, mistari 4 kwa baa 8, ubeti mmoja unachukua sekunde 21 na ushei, kwa hiyo utenzi mzima ungepita dakika 35. Chagua beti 5 hadi 7 zinazofuatana kimaana na uziache zilivyo. Kukata katikati ya ubeti kunavunja vina, na kuandika upya neno la kale kuwa la leo mara nyingi kunavunja mizani.

Kama unapanga upya maneno ya zamani, somo ni Pete Seeger. Wimbo "Turn! Turn! Turn!" ambao The Byrds waliufanya maarufu mwaka 1965 ni Mhubiri 3:1-8 karibu neno kwa neno. Seeger aliupanga upya mfuatano, akaongeza maneno ya kurudia yanayoupa wimbo jina lake na mstari wa kufungia kuhusu amani. Nyongeza ni chache mno, na ndizo zilizogeuza maandiko kuwa wimbo.

Shairi huru, lisilo na vina wala mizani sawa, usililazimishe ndani ya baa 8. Libakize kama maneno ya kusemwa juu ya ala katika beti, uimbe kiitikio tu.

Umbo la muziki lifuate kisa

Usichukue biti iliyokuwepo ukaibandikia kitabu. Jiulize kisa kinasogea vipi. "White Rabbit" wa Jefferson Airplane, wa mwaka 1967, unaotokana na vitabu vya Lewis Carroll, hauna kiitikio cha kurudi. Unaanza chinichini, kwa besi na ngoma, na kupanda moja kwa moja hadi kilele kwa muda wa dakika 2 na nusu. Msichana anaingia na kuingia zaidi, harudi nyuma, na muziki haurudi nyuma. Metallica katika "One" ya mwaka 1988, iliyochochewa na riwaya ya Dalton Trumbo ya mwaka 1939 kuhusu askari aliyepoteza mikono, miguu, macho, masikio na ulimi, akabaki na akili timamu, wanaanza na gitaa tulivu, na katikati ngoma za miguu zinagonga kama bunduki ya rashasha. Maneno yenyewe ni machache.

Kwa Penelope, kazi ya kujirudia inataka mzunguko: noti 4 za gitaa zikirudi vilevile kila baa 2, zisibadilike katika ubeti wala katika kiitikio. Kwenye daraja, ziondoe. Ukimya huo wa baa 8, sauti pekee na hatua za ngoma, ndio mahali pa mjakazi.

Ruhusa

Shughulikia hili kabla ya kulipia studio, maana barua za wachapishaji huchukua miezi.

Wazo, mada na jina la kitabu kwa kawaida havina hakimiliki. Maneno yenyewe yanayo, na kukigeuza kitabu kuwa kazi nyingine ni haki ya mwenye nacho. Kadiri unavyoazima kidogo, dirisha moja na hisia moja, ndivyo unavyokuwa salama. Kadiri unavyonukuu na kufuata kisa hatua kwa hatua, ndivyo unavyohitaji ruhusa.

Tafuta mwaka aliofariki mwandishi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kima cha chini cha miaka 50 baada ya kifo, na nchi nyingi zimeweka 70, zikihesabu hadi mwisho wa mwaka. Nchi hazifanani: George Orwell alifariki mwaka 1950, hivyo Uingereza vitabu vyake viliachiwa huru mwanzoni mwa 2021, lakini riwaya yake iitwayo 1984, iliyochapishwa mwaka 1949, Marekani inalindwa hadi mwisho wa 2044. Wimbo ukiwekwa kwenye intaneti unasikika kote kuwili, kwa hiyo pima kwa nchi iliyo kali zaidi.

Tafsiri ina haki zake pembeni. Shakespeare alifariki mwaka 1616 na maneno yake ni ya wote, lakini tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere za Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi si za wote bado, maana mfasiri alifariki mwaka 1999. Ukitaka mistari ya Shakespeare bila barua, itafsiri wewe mwenyewe kutoka kwenye asili. Hata kwa Homer ni hivyohivyo: fuata kisa, usinakili sentensi za mfasiri wa karibuni.

Ruhusa inaweza kukataliwa, na kukataliwa si mwisho wa kazi. David Bowie alitaka kuigeuza 1984 kuwa tamthilia ya muziki, mjane wa Orwell akakataa. Nyimbo alizokwisha kuanza ziliingia kwenye albamu yake Diamond Dogs ya mwaka 1974, katika dunia aliyoibuni mwenyewe. Kate Bush alitaka kutumia maneno ya Molly Bloom yanayofunga riwaya ya James Joyce, Ulysses. Warithi wakakataa, akaandika maneno yake mwenyewe yenye hewa ileile, ukatoka "The Sensual World" mwaka 1989. Ruhusa ilipokuja miaka mingi baadaye, aliurekodi tena kwa maneno ya Joyce, mwaka 2011. Zote mbili zipo, na inafaa kuzisikiliza moja baada ya nyingine.

Barua ya maombi iende idara ya haki ya mchapishaji. Ndani yake weka: jina la kitabu na toleo, mistari kamili unayotaka na idadi ya maneno, maneno yote ya wimbo wako yakionyesha nukuu zimekaa wapi, nchi ambako wimbo utatoka, njia utakazoutolea (mtandaoni, santuri, jukwaani, video), na muda. Omba jibu la maandishi. Maneno ya shairi yakitumika moja kwa moja, tarajia mshairi au warithi wake wadai kuandikwa kama watunzi wenza na kupata sehemu ya mapato. Asilimia hiyo ikubaliwe kabla ya wimbo kutoka, kwa sababu baada ya hapo huna cha kujadiliana nacho.

Kuujaribu

Rekodi rasimu kwa simu, sauti na ala moja. Wape watu wawili wasiokisoma kitabu na mmoja aliyekisoma. Usiwaeleze chochote. Wale wawili waulize: nani anaimba, yuko wapi, anataka nini? Wakishindwa swali la kwanza, mdomo haujakaa, rudi ubeti wa kwanza. Wakishindwa la pili, huna vitu vya kushikika vya kutosha. Wakijua yote mawili lakini wasijue anataka nini, kiitikio ndicho kina kasoro.

Aliyekisoma muulize swali moja tu: umesikia kitu ambacho kitabuni hukukiona? Akisema hapana, wimbo wako bado ni muhtasari. Mara nyingi dawa ni kuhamisha mdomo: mpe wimbo mjakazi aliyesaliti badala ya Penelope, au mmoja wa wale wanaokula sebuleni, uone kinachotokea.

Wimbo ukishakubalika, andika kwenye taarifa za kuutoa jina la kitabu na mwandishi, kwa tahajia sahihi, katika nafasi ya watunzi kama kuna nukuu, au katika maelezo kama ni mwangwi tu. Jukwaani taja kitabu baada ya kuimba. Ukikitaja kabla, wasiokisoma wanaanza kusikiliza kwa wasiwasi wa kupitwa.